Pampu ya Kuazima

Kwa miaka thelathini na moja marehemu Uthmani, Mungu amrehemu, aliondoka nyumbani kwake Buyenzi, mjini Bujumbura, avenyu ya kumi na nane, mara tu baada ya swala ya alfajiri, akaelekea uwanja wa ndege. Zamani alipitiwa na gari la kazi. Miaka hii ya mwisho, mafuta yalipokuwa ya kulala kwenye foleni, alikwenda kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo. Ufundi aliuanzia chini ya magari ya watu, kwenye magaraji ya mtaani kwao, kisha kampuni moja ikampeleka Addis Ababa kusomea injini za ndege, akarudi na muhuri wenye namba yake. Fundi akimaliza kazi huugonga muhuri huo kwenye karatasi, na kwa kuugonga anasema mbele ya watu na mbele ya Mungu: ndege hii nimeiangalia, irushwe.

Kampuni aliyomalizia kazi ilikuwa ndogo. Ilikuwa na ndege mbili za mapangaboi, kila moja na injini mbili, za kubeba watu na mizigo kuvuka ziwa kwenda Kalemie na Kigoma. Kwenye makaratasi zilikuwa na herufi zao, lakini mafundi waliziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Majina hayo yalitoka kwa Anouar, fundi mwenzake wa miaka mingi, mtu wa maneno mengi, aliyesema kwamba mwanaume akiwahudumia wote wawili sawasawa ataingia peponi bila maswali, na akimpendelea mmoja, yule mwingine atamsusia njiani.

Vipuri vilikuwa taabu. Ukiagiza kitu leo, kitakaa Ulaya kikingoja kibali, kitakaa forodhani Dar es Salaam, kitakufikia umeshasahau ulikitakia nini. Kwa hiyo mafundi wa Bujumbura walizoea kuazima. Ndege moja ikilala kwa matengenezo, kipuri chake kizima kilifunguliwa, kikapewa ile inayotakiwa kuruka. Mambo hayo hayakuwa ya kificho. Kila azima iliandikwa kwenye daftari la kijani lililokaa mezani ndani ya hangari: kipuri gani, namba gani, kimetoka wapi, kimekwenda wapi, tarehe, sahihi mbili. Uthmani aliliandika kwa mwandiko wa madrasa, herufi zimesimama wima, hakuna kufuta. Na asubuhi kila fundi alilisoma kabla hajashika spana.

Halafu ikaja sistemu. Vilifungwa vihisi vidogo kwenye injini, vya kupima joto, mtetemo na msukumo wa mafuta. Ndege ikishatua Bujumbura na kusimama, namba zote za safari zilipanda zenyewe kwa mtandao mpaka kwenye kompyuta za mbali, huko wanakokuita kwenye wingu, zikalinganishwa na namba za maelfu ya injini nyingine za dunia, pamoja na umri wa kila kipuri. Jibu lilirudi kwenye skrini ya Joëlla, binti wa miaka ishirini na saba aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mwenye biro, ofisi yake, juu ya hangari: kijani, njano au nyekundu. Sistemu haikungoja kitu kiharibike. Ilisema kitaharibika lini.

"We unapiga ramli sasa, mutoto yangu?" Uthmani alimwambia siku ya kwanza.

"Apana, papa Uthmani. Inahesabu tu. Daktari akisikia namna mutu anakohoa, si anajua kifua kinakuja?"

"Mambo ya kesho ni ya Mungu."

"Na hayo masikio ya daktari, nani alimupa?"

Anouar akacheka, akamwambia Uthmani leo amepatikana.

Mwezi wa pili wa sistemu hiyo, skrini ilionyesha njano kwenye jenereta ya Bi Mkubwa. Uthmani aliweka kiganja chake kwenye ubavu wa injini, kama alivyozoea, asihisi kitu. Walipoifungua, beringi ilikuwa imeanza kutoa unga wa chuma. Ingekatika baada ya siku chache. Uthmani alisema alhamdulillahi, na jioni alimweleza mkewe Mwavita kwamba kile kidude kina macho. Tangu siku hiyo hakukibishia tena. Watu waliosema baadaye kwamba alikuwa mzee aliyechukia mashine hawakumjua.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo, asubuhi ya mvua, pampu ya mafuta ya injini ya kulia ya Bi Mdogo ilipasuka sili, ile pete ya kuzuia mafuta yasivuje. Pampu yenyewe ilikuwa changa, saa mia sita tu za kazi, lakini sili ya kubadilisha haikuwepo. Abiria tisa walikuwa wamekalia mabegi yao. Bi Mkubwa alikuwa amelala kwa ukaguzi, na pampu yake ilikuwa nzima, ingawa ya zamani, saa elfu tatu na mia nane. Mkuu wa ufundi, bwana Astère, alipiga simu kutoka mjini, Rohero, akasema neno moja tu: itoke.

Uthmani na Anouar waliazima, kama walivyoazima mara mia. Tofauti ilikuwa moja. Sasa kila kipuri kilitakiwa kuingizwa kwenye tableti kwa namba yake, na ruhusa ya biro itolewe kabla hakijafunguliwa. Mvua ilikuwa imekata mtandao tangu usiku.

"Tutaingiza kesho," alisema Anouar.

Wakaandika kwenye daftari la kijani, sahihi mbili, Bi Mdogo akaruka. Kesho yake mtandao ulirudi, lakini tableti ilikataa kupokea ruhusa ya jana. Ilitaka maelezo: kwa nini ndege imeruka na kipuri kisichoruhusiwa. Uthmani aliishika ile tableti kitambo, akaizima. Sili ilipofika, waliitengeneza ile pampu changa wakaifunga kwa Bi Mkubwa, aliyekuwa bado hana pampu. Walitaka kuzirudisha kila moja mahali pake, lakini hilo lilihitaji kuzilaza ndege zote mbili siku nzima, na siku hiyo haikupatikana. Kila juma lililopita liliongeza ugumu wa maelezo. Mwezi wa kwanza, fundi mmoja wa umeme alinyang'anywa muhuri kwa kosa dogo kuliko hilo. Uthmani alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Hivyo sistemu iliendelea kuamini kwamba Bi Mdogo ana pampu changa na Bi Mkubwa ana pampu iliyochoka, na ukweli ulikuwa kinyume. Daftari la kijani lilijua, lakini siku hizo hakuna aliyelisoma tena isipokuwa wale wawili.

Mwezi wa tatu ilifika pampu mpya, moja. Skrini ilikuwa imeshaamua inakwenda wapi. Bi Mkubwa alikuwa nyekundu.

"Jumanne mumufungie Bi Mkubwa," Joëlla alisema. "Bi Mdogo yuko kijani, hana neno."

Uthmani akaenda kuandaa spana. Jumanne akamtoa Bi Mkubwa ile pampu changa, nzima kabisa, akamfungia mpya. Kisha tableti ikamwuliza namba ya pampu iliyotolewa. Namba aliyoisoma kwenye chuma haikuwa ile ambayo sistemu ilikuwa inaingoja. Akaandika ile inayongojewa. Mpaka hapo alikuwa amenyamaza tu. Sasa, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, aliandika namba ambayo macho yake hayakuisoma, akagonga muhuri.

"Hii nzima tutamupa Bi Mdogo Alhamisi," Anouar alimnong'oneza, akiifunika ile pampu changa kwa kitambaa. "Siku ya Alhamisi hatoki. Kila mutu anarudi kwake, hakuna wa kuuliza."

"Na kesho je? Kesho anaenda Kalemie."

"Ameenda Kalemie tangu mwezi wa kumi na moja. Pampu ile haijui kwamba kesho ni Jumatano. Ndugu yangu, mi nina watoto saba. Sahihi yangu iko pale chini ya yako."

Jumanne hiyo Uthmani hakula. Mwavita alidhani ni sukari imepanda, akampimia, ikawa ya kawaida.

Jumatano asubuhi Bi Mdogo aliwashwa. Uthmani aliweka kiganja kwenye ubavu wa kulia. Kulikuwa na mtetemo, mdogo, kama wa mtu anayetetemeka ndani ya nguo. Sistemu ilikuwa imeuona pia siku zilizopita, lakini kwa pampu changa mtetemo wa namna hiyo ni kitu cha kawaida, ikapita kijani. Uthmani alijua kwamba kwa pampu ya saa elfu tatu na mia nane, na nyingine zilizoongezeka, si kawaida. Akagonga muhuri. Saa mbili kamili ndege ikaondoka, rubani Loïc kushoto, msaidizi wake Jordan kulia, na abiria saba nyuma.

Ingefika Kalemie saa tatu na kidogo, ingeondoka huko saa nne na nusu. Uthmani alizihesabu saa hizo huku akisugua matone ya mafuta kwenye sakafu ya hangari, mahali ambapo palikuwa pameshatakata. Anouar alimfuata nyuma.

"Ikirudi leo, kesho tunabadilisha, yamekwisha."

"Na isiporudi?"

"Usiseme hivyo. We mwenyewe unasemaga mambo ya kesho ni ya Mungu."

"Hili si la Mungu, Anouar. Hili ni la kwetu. Tunamusingizia."

Anouar alikaa juu ya sanduku la spana, akajishika kichwa. Uthmani akaendelea kusugua muda mrefu. Baadaye, mwaka mzima, ni muda huo aliouzungumzia na mkewe kuliko jambo lingine lolote: kutoka saa mbili mpaka saa nne, alipokuwa na miguu miwili mizima na ngazi ya hatua kumi na nne mpaka kwa Joëlla, naye anasugua sakafu.

Saa nne na dakika kumi alilichukua daftari la kijani, akapanda.

Joëlla alisikiliza akiwa amesimama. Hakugomba. Alichukua simu akampigia wakala wa kampuni kule Kalemie. Simu iliita mpaka ikakata. Akampigia Loïc, haipatikani. Akatuma ujumbe, ukabaki na alama moja. Akapiga tena kwa wakala, na huku simu ikiita sikioni, alimgeuzia Uthmani kompyuta.

"Ingiza namba, papa. Zote mbili. Kama zinavyosomeka."

Uthmani alifungua daftari kwenye ukurasa wa mwezi wa kumi na moja, akaandika kwa kidole kimoja, tarakimu baada ya tarakimu. Namba ya pampu ya zamani akaiweka kwa Bi Mdogo. Namba ya changa akaitoa. Kiduara kikazunguka kwenye skrini, kikazunguka, kama mtandao wa Bujumbura unavyojua kumchosha mtu. Kisha mstari wa Bi Mdogo ukageuka. Haukupitia njano. Ulikuwa mwekundu, na maneno chini yake yalisema ndege isirushwe.

Wakala akapokea.

"Izuie Bi Mdogo," Joëlla alimwambia. "Isiwashwe. Umesikia?"

Uthmani alisikia jibu, maana simu ilikuwa na sauti kubwa.

"Imetoka, dada. Loïc alitaka kuwahi mvua. Dakika kama sita hivi."

Joëlla alikimbia kwenda mnara wa kuongozea ndege, ili wamtafute Loïc kwa redio. Uthmani alibaki kitini. Ile skrini isingemwambia chochote zaidi, kwa sababu namba za ndege hupanda ikishatua Bujumbura. Alianza kusoma Yasini kwa moyo, akafika katikati, akasahau inavyoendelea, yeye aliyeihifadhi akiwa na miaka tisa.

Habari zilikuja adhuhuri. Injini ya kulia ilizimika ndege ikiwa bado haijapanda juu, imejaa mizigo. Loïc alijaribu kugeuka na ile moja, haikumtosha, akaiweka majini karibu na ufukwe. Watu wa mitumbwi waliwatoa watano, na Loïc mmojawao, mgongo umevunjika. Wanne hawakutoka. Jordan alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Wachunguzi walipokuja, Uthmani aliwapa daftari kabla hawajaliomba. Walimwuliza kama sistemu ilikosea. Alisema haikukosea, iliamini alichoiambia. Walimwuliza ile sahihi ya pili ni ya nani, naye aliitaja. Anouar hakumwamkia tena mpaka Uthmani anaingia kaburini, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na avenyu mbili tu na walisali msikiti mmoja, safu moja, kila mmoja upande wake.

Muhuri ulichukuliwa. Kesi iliandikwa, Uthmani akakaa rumande miezi mitano, sukari ikamla vidole viwili vya mguu, wakamrudisha nyumbani asubiri huko. Watu wa mtaa walimwita msaliti wa Anouar, wengine mwuaji. Mwavita alipika, akafua, akamfunga vidonda. Swala za Uthmani zilikuwa ndefu kuliko zamani, na kila sijda alikawia hadi mtu akaogopa kwamba hatainuka.

Siku moja alimwambia mkewe anakwenda mtaa wa Kibenga, kwa mama yake Jordan.

"Watakupiga, Baba Khaled."

"Wakipiga, watapiga."

Mama huyo aliitwa Dévote, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, na Jordan alikuwa mwanawe wa pekee. Uthmani alifika kwa kuchechemea, kofia mkononi. Dévote alifungua lango, akamtambua kwa picha alizoziona magazetini. Kisha akamletea kiti, akakiweka uani, mbali na mlango.

"Umekuja kuomba musamaha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Padri alikuja hapa akaniambia ni mapenzi ya Mungu."

"Apana, mama. Mapenzi ya Mungu siyajui. Mi najua nilichofanya mimi."

Dévote aliangalia mikono yake mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta redio ya jirani ilikuwa inasikika, mtu anatangaza bei za mchele.

"Asubuhi ile ulimuona?"

"Nilimuona."

"Alisemaje?"

Uthmani alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa makofi, kwa polisi. Hilo hakujiandaa nalo. Akamweleza. Jordan alikuwa amekuja na chapati ameifunga kwenye karatasi, anakula anatembea. Alikuwa amenyoa nywele. Alimpa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na mafuta ya chapati, akaomba radhi kwa hilo. Kisha akauliza, kwa mzaha wake, papa Uthmani, Bi Mdogo ameamkaje?

"Na we ulimujibu nini?"

"Nilimwambia ameamka salama."

Dévote hakulia. Aliuliza kama Jordan aliimaliza ile chapati. Uthmani akasema aliimaliza, akakunja karatasi, akaitia mfukoni, hakuitupa chini.

"Hivyo ndivyo nilimufunza," alisema Dévote.

Jua lilikuwa limesogea mpaka kwenye kiti cha Uthmani. Alishika magoti yake kutaka kusimama, akasema lile alilolijia. Alisema kwamba anamwomba msamaha mbele ya Mungu, na kama hawezi, hatamlaumu.

"Mungu anaweza kukusamehe hata leo, mzee," Dévote alisema. "Kazi yake ni hiyo. Mimi bado."

Uthmani aliitikia kwa kichwa.

"Lakini rudi," alisema Dévote. "Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa. Unielezee tena ile asubuhi. Hakuna mwingine aliyemuona karibu hivyo."

Alirudi. Kila mwezi alirudi, kwanza kwa miguu, halafu akibebwa na pikipiki mafuta yakipatikana, mwishoni Mwavita akimshika mkono kwa sababu macho nayo yalikuwa yanakwenda. Alikaa kwenye kiti kile kile cha uani, akaeleza: chapati, nywele, mkono wa kushoto, swali, na jibu lake. Hakupunguza jibu. Dévote alisikiliza mpaka mwisho, wakati mwingine akimsahihisha pale alipopanga mambo kombo, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Kisha alimfungulia lango.

Walifanya hivyo miezi saba, hadi mwezi wa Shaabani, Uthmani alipofariki. Neno lile la msamaha Dévote hakulisema, na Uthmani hakumwomba mara ya pili.